Pointi si Mchezo

Dirisha la udahili wa vyuo vikuu likifunguliwa, kila mwenye kijana nyumbani hupata washauri asiowaomba. Kijana akisema anataka kusomea uhandisi wa programu, mmoja atamwambia asipoteze ada, mambo hayo yanajifunzwa YouTube. Mwingine atamhimiza awahi, kuna pesa, hasa akijua kutengeneza programu za kimchezo: zile zinazompa mtumiaji pointi, beji na nafasi kwenye msimamo kila anapojifunza neno jipya, anapolipa bili au anapotimiza hatua elfu kumi za kutembea. Wote wawili huongea kwa uhakika mkubwa. Madai yao yanasikika kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi na, la kusikitisha zaidi, kwenye kumbi ambamo wanafunzi hutetea miradi yao ya mwaka wa mwisho. Nayachukua moja moja, lakini si kwa uzito sawa, kwa sababu mengine hayastahili zaidi ya aya moja.

"Uhandisi wa programu ni kuandika msimbo tu, na siku hizi msimbo unaandikwa na mashine."

Mwaka 1968 NATO iliitisha mkutano mjini Garmisch, Ujerumani, na hapo ndipo fani hii ilipopata sura. Waliokutana hawakuwa na uhaba wa watu wa kuandika msimbo. Kilichowasumbua ni mifumo mikubwa iliyochelewa, iliyopasua bajeti, yenye kasoro ambazo hakuna aliyejua zilipenyea wapi. Walitafuta nidhamu ya kazi nzima: kujua mteja anahitaji nini hasa, kugawana kazi, kupima, na kuutunza mfumo hata baada ya waliouandika kuhamia kwingine. Nidhamu hiyo ndiyo inayosomwa hadi leo. Mashine ikikuandikia msimbo kwa dakika mbili, bado kuna mtu anayepaswa kusema kama huo ndio uliotakiwa, na mtu wa kujibu ukileta balaa.

Chukua kitu kidogo kabisa katika programu za kimchezo: mfululizo, yaani hesabu ya siku ambazo mwanafunzi wa lugha hajakosa somo. Kwa maneno ni jambo la mstari mmoja. Akisoma leo, ongeza moja. Akikosa, rudisha sifuri. Lakini leo inaanza saa ngapi? Seva ikihesabu siku kwa saa za kimataifa, kwa mtu wa Dar es Salaam au Nairobi siku mpya huingia saa tisa usiku. Mfikirie nesi wa zamu ya usiku. Amesoma somo lake saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, kisha akasoma tena saa kumi alfajiri ya Jumatano. Kwake yeye ni siku mbili zinazofuatana. Kwa seva, somo la kwanza ni la Jumatatu na la pili ni la Jumatano. Jumanne hakuonekana, mfululizo wake wa miezi minne umefutwa. Na yule wa Namtumbo aliyesoma mtandao ukiwa umekata, simu ikatuma taarifa kesho yake? Ukiiamini saa ya simu, wajanja watairudisha nyuma. Ukikataa kuiamini, unamwadhibu mtu kwa kosa la mnara. Na aliyebofya mara mbili kwa sababu mtandao unasuasua, apewe pointi mara mbili?

Hakuna swali hata moja hapo linalojibiwa kwa kujua lugha ya msimbo kama Python. Ni maswali ya mahitaji ya mfumo, na mengi yanajibiwa kwa kukaa na yule nesi na kumsikiliza. YouTube ina masomo mazuri sana ya Python.

"Kutia mchezo kwenye programu ni kuongeza pointi, beji na msimamo."

Dai hili limeharibu miradi mingi kuliko mengine yote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Twende barazani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na halina pointi hata moja. Hakuna anayehesabu kete alizokula ili atangazwe mshindi. Unashinda pale mwenzako anapoishiwa kete mstari wa mbele au anapokosa cha kucheza. Wazee wanaolikalia tangu alasiri hadi adhana ya magharibi hawafuati beji. Wanachofuata ni kwamba kila zamu ina uamuzi wenye uzito: nyumba, shimo lako kuu, uilinde au uivunje, kete ya mkononi uitie upande upi. Matokeo ya uamuzi yanaonekana papo hapo, mbele ya mashahidi. Kosa la leo linafundisha kitu cha kesho. Na mpinzani mzuri ni yule anayekukaribia kwa ustadi, maana ukicheza na asiyejua kucheza utachoka kabla yake.

Hayo ndiyo mambo ambayo mbunifu wa programu anapaswa kuyatafuta: uamuzi, jibu la haraka, ugumu unaopanda pamoja na uwezo. Sebastian Deterding na wenzake watatu, katika andiko lao la mwaka 2011 linalonukuliwa hadi leo, walieleza kwamba jambo hili ni kutumia vipengele vya ubunifu wa michezo katika shughuli zisizo michezo. Walisema ubunifu. Pointi ni namna moja ya kuonyesha kilichokwisha kubuniwa, na sababu ya kila mtu kuanza nazo ni kwamba ni rahisi kuziprogramu. Jedwali moja kwenye hifadhidata, nambari inapanda, mradi umeisha kabla ya chakula cha mchana.

Mwaka huohuo wa 2011, Ian Bogost, mbunifu na mwalimu wa michezo ya kompyuta, aliishambulia biashara hii kwa neno moja ambalo mhariri wangu hatalipitisha. Mwaka uliofuata kampuni ya utafiti ya Gartner ilitabiri kwamba kufikia 2014 asilimia 80 ya programu za kimchezo zilizokuwapo zingeshindwa kufikia malengo ya biashara, na kisa kikuu kingekuwa ubunifu mbovu. Utabiri ni utabiri tu, lakini sababu waliyoitaja inamfaa mwanafunzi kuibandika ukutani: lawama waliitupia meza ya mbunifu, wala si mashine au watumiaji.

"Aliyezama kwenye gemu tangu utotoni atakuwa mbunifu mzuri."

Kucheza sana humfundisha mtu anachokipenda yeye. Richard Bartle, aliyeandika pamoja na Roy Trubshaw mchezo wa MUD katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, alichapisha mwaka 1996 uchambuzi wa wachezaji wa michezo ya namna hiyo. Akawakuta wa aina nne: wanaotafuta mafanikio, wanaopenda kuchunguza, wanaokuja kwa ajili ya watu, na wanaofurahia kuwasumbua wenzao. Wote wako ndani ya mchezo mmoja. Kijana wa aina ya kwanza akibuni programu kwa kujitazama yeye, atajaza misimamo na vikombe, na wale watatu waliobaki watafunga na kwenda zao. Tena Bartle aliwachunguza watu waliokuja kucheza kwa hiari yao. Mlipa bili ya maji hakuja kucheza.

"Zawadi huongeza ari. Hata mtoto ukimwahidi pipi anafanya kazi."

Anafanya, ndiyo. Swali ni atakachofanya pipi zikiisha. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya na watoto wa shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe wakichora. Kundi la pili lilipewa cheti kilekile baada ya kuchora, bila kuahidiwa. La tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu zikawekwa tena darasani, hakuna ahadi wala cheti, watoto wakaachwa wachague wenyewe cha kufanya. Walioahidiwa zawadi walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Kitu walichokuwa wakikifanya kwa raha kilikuwa kimegeuka kibarua, na kibarua kisicho na malipo hakifanywi.

Darasani kwa watu wazima hali haikutofautiana sana. Michael Hanus na Jesse Fox walichapisha mwaka 2015 utafiti wa majuma 16 katika chuo kikuu cha Marekani: kozi moja ilikuwa na beji na msimamo, nyingine ilifundishwa bila hivyo. Kadiri majuma yalivyosonga, ari na kuridhika vya wanafunzi wenye beji vilishuka ukilinganisha na wenzao, na kushuka huko kuliambatana na alama za chini kwenye mtihani wa mwisho. Mhadhiri anayetaka kubandika msimamo wa darasa kwenye kundi la WhatsApp asome kwanza andiko hilo.

"Basi ni ulaghai mtupu. Lifutwe kwenye mitaala."

Hapa ndipo wanaodharau wanapoteleza. Rudi kwa watoto wa Stanford, ulitazame kundi la pili. Walipata cheti kilekile, muhuri uleule, utepe uleule, lakini bila kuahidiwa, na mapenzi yao kwa kuchora hayakupungua. Kwa hiyo zawadi haikuwa sumu. Kilichoharibu ni mapatano: fanya hiki upate kile. Edward Deci na Richard Ryan walijenga nadharia nzima juu ya jambo hilo kwa miongo kadhaa, na kiini chake ni kwamba mtu hupata ari anapojiona anaamua mwenyewe, anapojiona anaweza, na anapojiona yuko pamoja na wenzake. Beji inayosema umeweza hulisha ari. Beji inayosema nakuchunga huila.

Na kuna kazi ambazo mchezo umezifanya zikafanyika. Foldit, iliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, iliwapa watu wa kawaida kazi ya kukunja molekuli za protini kwenye skrini kana kwamba ni fumbo. Mwaka 2011 wachezaji wake walipata, kwa muda wa wiki tatu, umbo la kimeng'enya cha kirusi kinachowaletea nyani ugonjwa unaofanana na UKIMWI, umbo lililokuwa limewashinda wanasayansi kwa zaidi ya miaka kumi. Foldit ina alama, tena nyingi, lakini alama hizo zinapima ubora wa mkunjo wenyewe. Ukiongeza alama, umekaribia jibu la kweli. Kinachopimwa na kinachotakiwa ni kitu kimoja, na hilo ni nadra kuliko watu wanavyodhani.

"Takwimu zikipanda, programu imefaulu."

Kampuni nyingi zinaishi kwa dai hili, na ndilo linalomtofautisha mhandisi na mpiga debe. Nina mifano miwili, yote kutoka kwa waandika programu wenyewe, watu ambao ungetegemea wasidanganyike kwa nambari.

Stack Overflow, jukwaa la maswali na majibu ya waandika programu lililoanzishwa mwaka 2008, hutoa beji kwa kazi mbalimbali. Ipo inayotolewa kwa aliyepiga kura mara 300. Watafiti wanne wa Stanford na Cornell walipochunguza mwenendo wa watumiaji, katika andiko la mwaka 2013, walikuta kwamba mtu anapoikaribia beji kasi yake hupanda, na akishaipata hushuka. Ukipima wiki ile ya kupanda, utaandika ripoti ya ushindi. Ukipima mwezi mmoja baadaye, utaandika barua ya kuomba radhi.

Mfano wa pili unanivutia zaidi kwa sababu ni wa kuondoa, si kuongeza. GitHub, ghala la msimbo linalotumiwa dunia nzima, lilikuwa likionyesha kwenye ukurasa wa kila mtumiaji mfululizo wake wa siku za kazi. Mwaka 2016 kihesabio hicho kiliondolewa. Lukas Moldon, Markus Strohmaier na Johannes Wachs waliyatazama mabadiliko hayo kama jaribio la asili, na matokeo yao yalitoka mwaka 2021. Mifululizo mirefu iliachwa. Kazi za mwisho wa wiki zilipungua. Siku ambazo mtu alifanya badiliko moja tu, lile la kuulisha mfululizo ili usife, zikawa chache. Hiyo ina maana kwamba kwa miaka kadhaa sehemu ya shughuli iliyoonekana kwenye takwimu ilikuwa ni watu kuamka Jumapili kusahihisha koma ili mraba wa siku hiyo kwenye ukurasa wao ugeuke kijani. Nambari ilikuwa kubwa na ilikuwa sahihi. Ilichohesabu sicho kilichotakiwa.

Kwa mwanafunzi hili lina kazi tatu za kiufundi, na sijaona wengi wakizifanya. Kwanza, kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo, aandike ni tendo gani la mtumiaji linatakiwa libadilike, na atalipima vipi nje ya pointi. Pili, sehemu ya mchezo ijengwe kama kitu kinachozimika: swichi moja, mfumo uendelee bila kutetereka. Kwa kawaida pointi hufumwa ndani ya kila kona ya programu, zikija kuonekana zina madhara hakuna anayethubutu kuzigusa. Tatu, liwepo kundi la watumiaji ambalo halikupewa mchezo kabisa, la kulinganishia. Meneja atalipinga. Atauliza kwa nini tuwanyime wengine kitu kizuri. Jibu ni kwamba bado hatujui kama ni kizuri.

"Ni mchezo tu, hauna madhara."

Mwaka 2011 magazeti ya Los Angeles yaliripoti habari za wafuaji wa hoteli za Disneyland, huko Anaheim, California. Skrini kubwa ziliwekwa kwenye chumba cha kufulia, zikionyesha majina ya wafanyakazi na kasi ya kila mmoja, wote wakionana. Kwa mchoro ni msimamo wa ligi. Wafanyakazi waliupa jina la mjeledi wa elektroniki. Mchezo una sharti moja ambalo chumba kile hakikuwa nalo: anayecheza awe na ruhusa ya kutocheza.

Upande wa fedha, kampuni ya Robinhood ya Marekani ilikuwa ikimwagia skrini ya mteja vipande vya karatasi za rangi, kama za arusini, anapokamilisha hatua fulani za biashara ya hisa. Mwaka 2020 wasimamizi wa jimbo la Massachusetts waliishtaki kwamba inawasukuma wasio na uzoefu wafanye biashara mara kwa mara. Mwaka 2021 karatasi hizo ziliondolewa, na mwaka 2024 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 7.5 kumaliza shauri hilo pamoja na jingine la kuvuja kwa data. Kwetu, ambako mikeka ya kubashiri imejaa kwenye simu za vijana, sidhani kama nahitaji kueleza zaidi jinsi rangi na kelele zinavyoweza kuficha hesabu ya hasara.

Na msimamo unaoonyesha majina ya watu na alama zao ni taarifa binafsi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Mwanafunzi anayebuni msimamo wa darasa bila kuuliza nani ameridhia jina lake lionekane ameruka hatua ya kazi yake.

"Haya ni mambo ya Ulaya na Marekani, huku hayana nafasi."

Mojawapo ya majaribio makubwa duniani ya programu za namna hii lilifanyika Tanga, kwa Kiswahili. Shindano la Global Learning XPRIZE, lenye dola milioni 15 kwa jumla, lilitaka programu ambayo mtoto asiye na mwalimu ataitumia kujifundisha mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuanzia mwishoni mwa 2017, programu za washindani watano walioingia fainali zilipelekwa kwenye vishikwambi kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji vipatavyo 170 mkoani humo, na vituo vya sola vya kuchajia vikawekwa vijijini. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kuingia darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilishuka hadi karibu nusu. Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa kwa washindi wawili: onebillion ya Uingereza, na Kitkit School, iliyoongozwa na Sooinn Lee, mbunifu wa michezo ya kompyuta kutoka Korea Kusini.

Fikiria mahitaji ya mfumo ule. Mtumiaji hajui kusoma, kwa hiyo maelekezo yote ni ya sauti na picha. Hajawahi kushika skrini. Hakuna mtu mzima wa kumwambia endelea, kwa hiyo kazi yenyewe ndiyo impe sababu ya kurudi kesho, na ugumu upande taratibu asivunjike moyo wala asichoke. Pale mchezo haukuwa pambo la mwisho. Bila huo programu isingefunguliwa mara ya pili.

Wala matokeo hayo hayamalizi mjadala. Karibu nusu ya watoto hao bado hawakuweza kusoma, na hapo kuna kazi. Msimbo wa washindani wote watano ulitolewa wazi, pamoja na sauti na picha za Kiswahili. Mwanafunzi wa Dodoma au wa Juja anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho hana haja ya kubuni programu ya kumi na moja ya kuagiza chakula. Achukue mojawapo ya hizo, atafute mahali panapotolewa nyota kwa kila jibu sahihi, aandae toleo la pili lisilo na nyota, na ayapeleke yote mawili kwenye darasa moja la kwanza lenye mwalimu anayekubali. Apime kasi ya watoto kubahatisha majibu katika kila toleo. Majuma mawili baadaye arudi na karatasi na penseli, vishikwambi vikiwa vimezimwa, awape maneno yaleyale wasome. Na ridhaa ya wazazi aipate kwa maandishi kabla hajaanza, kwa sababu kamati ya chuo itaiulizia na itakuwa sahihi kufanya hivyo.